Fuwele ya Kijani Inayosubiri Zamu

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu ya sumaku, dada yetu mkubwa anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye kadi ya mwaliko, lakini hapa kazini tunamwita Tuipoze Tena. Jina hilo amelichuma mwenyewe. Wenzake wakishavaa makoti wakidhani kazi imekwisha, yeye husema hivyo, na watu huvua makoti wakaketi.

Kwa wageni waliokuja kula keki, kazi yake ni hii. Ndani ya vitu tunavyovichunguza, kila atomu ni kama sumaku ndogo. Ukivipoza vya kutosha, kwa kawaida sumaku hizo hujipanga, kila moja ikashika nafasi yake. Dada alikuwa akitafuta fuwele ambayo sumaku zake zinasikilizana zote lakini hazikubali kujipanga, hata katika baridi kali kuliko yote tunayoweza kuitengeneza. Hayo hayaonekani kwa macho. Tunapitisha chembe za nyutroni kutoka kwenye kinu cha nyuklia ndani ya fuwele, na namna zinavyotoka hutuambia kilichomo. Sumaku zikijipanga, vitone vipya hung'aa kwenye skrini. Ujana wake wote aliutumia akiomba asivione.

Aliviona mara nyingi. Kila mara alitangaza mwenyewe, bila kumung'unya maneno, kisha akatupikia chai, maana ndiyo desturi yetu: aliyeangushwa na fuwele yake hupika chai. Tumekunywa chai nyingi. Mumewe, fundi cherehani, huliita jokofu la maabara mume mwenzake, na husema hajawahi kumwonea wivu mwanamume baridi namna ile.

Lililomuuma kuliko yote ni la fuwele ya kijani, ndogo kama punje ya harage, iliyomchukua miaka kuikuza. Tulipoipima, kilitokea kitone kimoja, tena hafifu. Akakubali yaishe, akapika chai, fuwele akaiweka kama pambo mezani pake. Ilikaa hapo karibu miaka kumi ikila vumbi. Mwaka juzi, akiifuta, aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha akaona ukoko wa kahawia umegandia upande wa nyuma: fuwele ya aina nyingine kabisa, iliyoota pamoja nayo. Huenda kitone kile kilikuwa cha mdandiaji huyo. Akaukwangua kwa wembe, akaomba zamu ya nyutroni. Zamu akapewa. Kabla haijafika, bomba la kupozea kinu likapata ufa, kinu kikazimwa, na mpaka leo mafundi wanatuahidi mwezi ujao.

Inatuuma, na hatutajifanya haituumi. Mkurugenzi alimwombea aongezewe muda. Akajibiwa kwamba sheria ni sheria, na kwamba mstaafu haruhusiwi kugusa mitambo ya kinu. Dada aliposikia, alikwenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Tulimwuliza tumpashe vipi habari siku fuwele yake itakapopimwa. Alisema kitone kikijitokeza tena, tumpigie simu mumewe, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua saa nzuri ya kumwambia jambo baya. Kisipojitokeza, tusipige simu kabisa. Tumfuate nyumbani kwa gari, aje aione skrini kwa macho yake, hata kama atazuiwa kuingia na itabidi tumtolee skrini hiyo langoni.

Asante, dada, kwa subira uliyotufundisha na kwa ukweli wako, hata ulipokugharimu. Sasa lala mpaka jua likuchoke, na mzee wa cherehani naye akufaidi. Tunakuombea afya, furaha na umri mrefu. Dereva ameshaonyeshwa nyumba yako.