Bi. Yen Pi-hsia na Majina Laki Tatu ya Wachangia Damu

Tarehe 16 Julai 2024, Bi. Yen Pi-hsia atastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Damu cha Lunghsi kwa miaka thelathini na mmoja na siku tano. Siku tano amezitaja mwenyewe. Hapendi kukadiria.

Aliajiriwa kama karani wa kadi za wachangia damu. Kompyuta ya kwanza ilipofika hakuna aliyeitaka, ikawekwa kwenye meza yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na soketi. Alijifunza kwa kitabu cha kuazima, na hadi leo kipanya hakigusi. Kazi zake huzifanyia kwenye dirisha jeusi lenye maandishi matupu: anaandika amri, mashine inatii. Amri alizochoka kuzirudia alizipanga kwenye faili, mashine izisome yenyewe moja baada ya nyingine. Faili hizo, skripti kwa lugha ya wenyewe, zimefika mia mbili na kumi na nne. Zinafuta majina yaliyojirudia, zinatuma barua za shukrani, na kila siku saa sita mchana, sisi tukifungua mikebe ya chakula, moja hunakili hifadhidata nzima kuwa maandishi ya kawaida na kuyapeleka kwenye kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza yake.

Uongozi uliandika barua mara tatu kutaka kompyuta hiyo iondolewe. Mara zote tatu alijibu kwa maandishi kwamba anaitumia kuwekea miguu.

Juu ya seva yetu kubwa hukaa pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi, kwa imani ya mafundi wa kompyuta wa kwetu kwamba hufanya mashine itulie. Bi. Yen ndiye hukagua kama imepitwa na tarehe. Machi 2011 naibu mkurugenzi, Bw. Ko Yung-sheng, aliila. Alisema hakuwa amepata kifungua kinywa. Wiki iliyofuata yakatokea haya ninayoyasimulia, na mwandishi hadai kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Bw. Ko alitaka kufuta hifadhidata ya majaribio kwa skripti aliyoiandika mwenyewe. Bi. Yen aliisoma, akamwambia mbele yetu: "Naibu, mstari wa tisa unachukua jina la kitu cha kufuta kutoka faili nyingine. Faili hiyo isipokuwepo, utafuta ile hifadhidata kubwa."

"Dada Hsia," alijibu, kwa jina tunalomwita sote, "mimi nishindwe kuweka faili mahali pake? Hebu nenda ukale."

Akaenda kula. Saa saba na dakika kumi Bw. Ko akabonyeza; faili ile haikuwepo. Wachangia damu laki tatu na elfu sita walitoweka kwa sekunde nne.

Dakika ishirini baadaye hospitali ya wilaya ilipiga simu. Mama mmoja, Bi. Tu Yu-chen, alikuwa amejifungua na damu haikatiki. Kundi lake ni O hasi, ambalo kwetu ni la kutafuta kwa tochi. Akiba yetu ilikuwa mifuko miwili. Ilibidi tuwaite wachangia damu wa kundi hilo, na majina yao hayakuwepo.

Bw. Ko alikuwa amepauka kama tofu. "Dada Hsia, nimeua mtu."

"Bado," alijibu Bi. Yen, aliyekwisha kurudi. "Inuka, umekalia kiti changu."

Hakuhangaika kurudisha hifadhidata. Hiyo ingechukua saa tano. Aliwasha skrini ya ile kompyuta ya chini ya meza, akaandika mstari mmoja: nitafutie, ndani ya maandishi ya leo mchana, kila mwenye O hasi anayeishi wilaya hii na ambaye hajachangia kwa miezi mitatu. Yakatoka majina kumi na moja, tukagawana simu.

Mimi niliangukiwa na muuza supu ya samaki mwatiko.

"Shangazi, tunaomba damu yako sasa hivi."

"Sasa hivi? Nina wateja sita mezani!"

"Kuna mama amejifungua, anatoka damu."

Nilimsikia akiwapigia kelele: "Jihudumieni! Na bakuli mzioshe!" Alifika na aproni yake, ananukia tangawizi. Walikuja watano kwa jumla. Bi. Tu alitoka hospitali siku ya tisa, mtoto mgongoni.

Bw. Ko aliandika barua ya kujiuzulu. Bi. Yen aliikatiza njiani, akasahihisha makosa mawili ya tahajia, akamrudishia na kikaratasi: "Ukiondoka ataletwa mwingine ambaye hajawahi kufuta kitu. Huyo ndiye ninayemwogopa." Bw. Ko yupo hadi leo. Habonyezi chochote kabla watu wawili hawajamsomea skripti kwa sauti.

Kwa miezi sita iliyopita Bi. Yen ametufundisha skripti zake, moja moja. Sifa aliyotoa ni moja tu: alimwambia mwenzetu kwamba kosa lake lilikuwa jipya.

Sasa anahamia visiwani Penghu, kwa mdogo wake, kulima karanga. Amesema hatakuwa na kompyuta. Tumemwitikia kwa heshima.

Dada Hsia, asante kwa kutuvumilia. Tunakuombea afya, maganda yaliyojaa karanga, na simu isiyolia. Tukikwama, tutapiga.