Desmond Albert Thickett (1951–2024) na Propela Iliyosimama

Desmond Albert Thickett alizaliwa mjini Grimsby tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa Albert Thickett, mpakuaji samaki bandarini, na mkewe Edna. Wa kwanza ni Beryl, ndiye anayewasomea haya, na mtamvumilia, maana marehemu alimwachia agizo moja tu: asirembe. Watu wakifa huwa wema ghafla. Desmond alisema yeye hautaki wema huo.

Alisoma shule ya mtaani kwao, kisha sekondari ya wavulana hadi mwaka 1966, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu analijua dirisha kuliko ubao. Kweli tupu. Ndege za jeshi zilipita mbele ya dirisha lile, naye aliandika namba zake nyuma ya daftari la hesabu. Baba alipoliona daftari alinuna wiki nzima, halafu akamnunulia darubini.

Septemba 1966 aliajiriwa posta, akachambua barua hadi alipostaafu mwaka 2011. Hakuwahi kupoteza hata moja. "Kitu cha mtu hakipotei mkononi mwangu," alizoea kusema, tena kwa kujigamba. Mlikumbuke neno hilo.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na Glenys Marwood, wakajaliwa binti mmoja, Janine. Fungate yao walikwenda pwani. Glenys alidhani anapelekwa kupunga upepo, kumbe kulikuwa na maonyesho ya ndege, na siku tatu alishika mwavuli juu ya kamera. "Mvua ikinyesha nalowa mimi, lenzi hailowi," alimlalamikia Beryl. "Wifi, nimeolewa na mtu au na kamera?" Beryl akamjibu, "Umeolewa na Thickett. Pole."

Sasa tufike Skelby, maana huko ndiko kwenye jambo lenyewe. Kila Agosti mji ule huwa na maonyesho ya ndege ufukweni, na kila Agosti Desmond alikuwepo na Colin Roebuck, mwenzake wa posta. Walikaa kwenye viti vyao vya kukunja juu ya ukuta wa bahari, na sandwichi za mayai na chupa ya chai, pamoja na wapiga picha wengine walewale wa miaka yote.

Alhamisi tarehe 13 Agosti 2009 alifanya kosa la mwanafunzi. Anayepiga picha ndege za propela hupunguza kasi ya kamera, ili mapanga yaonekane yakizunguka. Ukisahau na kuiacha kasi kubwa ya kupigia jeti, propela hutoka imeganda, na ndege inafanana na kitu cha kuchezea kilichotundikwa kwa uzi. Desmond alisahau. Colin alichungulia kioo cha kamera, akacheka hadi chai ikamtoka puani.

"Jamani, njooni muone! Des kazima injini zote," alisema. "Mzee, hizi zinapaa kwa maombi?"

Walimcheka siku nzima, hata kwenye foleni ya chipsi. Naye alicheka, lakini yalimchoma.

Ijumaa zilikuja ndege nne za zamani za mafunzo, kila moja na injini moja. Zilitawanyika juu ya maji, ngurumo huku na huku, hujui ipi inalia na ipi imenyamaza. Desmond alimfuata kwa kamera wa mwisho, Rowland Pask, rubani wa miaka hamsini na minane. Alipiga picha tatu. Akatazama kioo: propela imeganda.

"Hebu tuone," alisema Colin, akiinama.

Desmond alizifuta zote tatu kabla Colin hajafika. Muda si mrefu ndege ile iligeuka kutoka upande wa watu, ikaelekea baharini, ikaanguka nyuma ya gati. Rowland Pask hakutoka.

Jioni, katika nyumba ya wageni, Desmond alikagua picha za kabla na za baada, maana kamera hutunza kasi ya kila picha. Kasi ilikuwa ya chini mchana kutwa. Propela za wale watatu zilikuwa zinazunguka vizuri kabisa. Hakuwa amekosea. Propela ya Pask ilikuwa imesimama angani, na ushahidi wake aliufuta kwa kidole chake.

Polisi walimwomba kila mwenye picha azilete. Hakwenda. Jumapili alipiga picha za ubatizo wa mjukuu wake Tamsin kwa kadi ileile ya kamera, na hapo hata fundi asingeweza tena kuzirudisha zile tatu alizozifuta. Uchunguzi ulisema injini imeharibiwa mno na maji, sababu haijulikani. Watu wakajaza wenyewe: mzee Pask alikuwa anajionyesha, karuka chini mno. Mjane wake, Bibi Hilary Pask, aliyasikia hayo hadi dukani. Desmond aliyasoma gazetini, akakunja gazeti. Aliuza kamera, akasingizia magoti. Glenys alifariki mwaka 2018 bila kujua. Beryl alimpenda mdogo wake, na anasema waziwazi kwamba hili lilikuwa ovu.

Aprili 2024 aligundulika na saratani ya kongosho. Juni alimwomba Beryl ampeleke kwa Bibi Pask. Hawakukaribishwa chai. Bibi Pask alimsikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Mwanangu aliacha urubani kwa maneno ya watu," alisema. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Miaka kumi na mitano. Kwa nini?"

"Niliona haya. Walikuwa wamenicheka jana yake."

"Wamekucheka," alisema Bibi Pask. "Samahani yako siitaki, Bwana Thickett. Kawaandikie wachunguzi."

Aliwaandikia. Walimjibu kwa adabu kwamba bila picha hilo ni neno la mtu tu, ripoti itabaki ilivyo. Alipompigia simu kumpa jibu, Bibi Pask alisema, "Basi litaandikwa kwenye karatasi ya mazishi yako, lisomwe mbele za watu, nami niwepo." Desmond alisema sawa.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 5 Novemba 2024, saa nne asubuhi, Janine na Beryl wakiwa wamemshika mikono. Ameacha dada, Beryl; binti, Janine, na mkwe, Neil; mjukuu, Tamsin; na rafiki yake Colin, ambaye tangu aambiwe hajatania tena.

Bibi Pask, uliyeketi benchi la tatu, limeandikwa, nakala mia moja na ishirini: siku ya Ijumaa tarehe 14 Agosti 2009, propela ya ndege ya Rowland Pask ilisimama kabla hajaanguka. Desmond Thickett aliiona. Rowland na apumzike kwa amani. Na Desmond naye, mama, siku utakayoridhia.