Kiti cha Pili cha Bwana Latyr Ngom

Bwana Latyr Ngom, mchora ramani wa ofisi yetu ya upimaji hapa Thiès, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Juni 2019, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Mimi nimefanya naye kazi miaka ishirini na miwili kati ya hiyo, na amenichosha. Naandika hivyo bila woga kwa sababu yeye ni Mserer na mimi ni Mpulaar. Makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hashtakiwi.

Alipoajiriwa mwaka 1985 walimpa kile chumba kidogo mwisho wa ukumbi, kwa sababu meza yake ya kuchorea haikuenea kwingine. Baadaye zikaja meza ndogo, tukamwambia ahamie kwetu ukumbini tukae pamoja kama watu. Akashukuru, akafunga mlango.

Saa nane mchana sinia la wali wa samaki huwekwa mkekani, tukalizunguka wote kuanzia mkurugenzi hadi dereva. Waserer wanajulikana kwa kupenda wali. Sisi watani wao tunawasimanga kwa hilo kila siku. Mungu akanipa Mserer mmoja tu ofisini, na huyo mmoja akaja na sahani yake ya bati, akapakua, akaenda zake kula peke yake akitazama dirisha. Siku moja nilimwuliza kama tunanuka. Akanijibu kwa upole kabisa, "Hamnuki, Dieynaba. Mnaongea."

Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, kwa hiyo mzigo wa kumvuta ulikuwa wangu. Mwaka mmoja tulinunua kitambaa cha aina moja, ofisi nzima tushone sare ya Idi ya kuchinja. Bwana Ngom alitoa mchango wake siku ya kwanza, nikafurahi, nikasema jabali limelainika. Siku ya sherehe sote tumependeza, yeye amekuja na shati lake la kijivu. Kitambaa alikuwa amekishona pazia, akakitundika kwenye kioo cha mlango wake. Siku ile nililia kwa hasira, nanyi wenzangu hamkunibembeleza, mlicheka.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 2008 tulikaa watano kwenye meza moja, birika la chai katikati, tukachora ramani ya viwanja vya mtaa mpya huku tukikubaliana kila kitu. Tulikubaliana hata kosa: kiwanja kimoja kiliangukia familia mbili. Wote tulitia sahihi isipokuwa yeye. Tulimwita mwenye kiburi, na mimi ndiye niliyeanza. Akajifungia siku tisa, akaichora upya, akaja kuiweka mezani kwetu bila neno. Afadhali angetutukana.

Mara tatu nimemwandikia barua mkurugenzi wetu, Bwana Moustapha Gaye, nikiomba ukuta wa chumba kile ubomolewe ili tuwe kitu kimoja. Barua ya tatu, ya mwaka huu, ilikubaliwa. Mafundi wanakuja Jumatatu.

Basi nikapewa kazi ya kuandika wasifu huu. Nilikwenda kumwomba habari za maisha yake, akanipa mistari miwili: tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Ikabidi niwaulize ninyi. Wa kwanza, ambaye jina lake nalimeza, alianza kwa kucheka, halafu akainuka akafunga mlango. "Dada Dieynaba, jina langu usiliandike," akasema. "Mwaka ule nyumba yangu ilipovunjika, nilikuwa naingia mle kila asubuhi. Ana kiti cha pili, pale dirishani. Unakaa, hakuulizi kitu. Ukitosheka unatoka."

Kufikia Jumatano mlikuwa tisa. Kila mmoja alifunga mlango, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Kuna aliyeingia kulia, kuna aliyeingia kusali, na kuna mmoja, Mungu amsamehe, aliyekuwa akiingia kulala. Lile pazia lililoniliza ndilo lililowasitiri.

Wa kumi ni mimi. Mama yangu alipofariki kule Podor, mlinipa pole mezani kwangu kutwa nzima, Mungu awalipe, mpaka nikashindwa kupumua. Niliingia mle, nadhani nilikuwa natafuta wa kugombana naye. Alinionyesha kiti kwa rula. Nikakaa, yeye akaendelea kuchora, nikalia mpaka nikachoka. Nilipotoka hakuinua kichwa, na hajanikumbusha siku ile hata mara moja. Miaka yote hii nilidhani kiti kile kiliwekwa kwa ajili yangu. Kumbe! Nimeona wivu, nasema kweli. Na baada ya yote hayo bado niliandika barua ya tatu. Hilo linaniaibisha.

Habari ya ukuta alikuwa nayo tangu Machi. Juzi nilimwuliza kwa nini hakunizuia. Akasema, "Mimi nyumbani nina chumba. Ninyi ndio mtakaotafuta pa kukaa."

Nimeandika barua ya nne: ukuta ubaki. Bwana Gaye amesema atawazuia mafundi iwapo wanane kati yetu kumi na wanne watatia sahihi kabla ya kufunga ofisi leo. Najua hamtaki kuonana mkiingia mle. Barua iko juu ya meza ya Bwana Ngom, na kalamu iko pembeni. Sahihi yangu ni ya kwanza. Ingieni mmoja mmoja, mfunge mlango.

Bwana Ngom, umekubali kukaa kwenye sherehe dakika ishirini, nami nitazihesabu. Nafasi yako kwenye sinia ipo. Sahani yako ya bati nayo ipo, nimeiosha mwenyewe, chagua, sitauliza. Asante kwa mipaka iliyonyooka na kwa kiti. Tunakuombea umri mrefu, afya, na siku nyingi zisizo na wageni.

Siku nikija kwako, nitakaa kimya. Nitajitahidi.

Dieynaba Wane, kwa niaba ya wote kumi na wanne