Njuga za Veltin Leibrock, Mzalishaji wa Farasi wa Conestoga

Mchungaji, shemeji yangu Apollonia, watoto wa marehemu, na ninyi nyote mliokanyaga matope ya Machi kuja kumsindikiza mdogo wangu, mimi ni Jost Leibrock, kaka yake wa pekee, ukoo umenituma niyasome maisha yake, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, ijapokuwa nikiutazama umati huu, wengine hadi nje ya mlango, najiuliza siku yangu mtakuja wangapi.

Marehemu Veltin alizaliwa tarehe 9 Mei 1722, kando ya mto Rhine, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba yetu Niklaus na mama yetu Ottilia, alizaliwa na nywele tele kichwani, mimi nilizaliwa kipara, na jambo hilo mama alimsimulia kila mgeni mpaka alipoingia kaburini. Tulivuka bahari tukashuka Philadelphia tarehe 14 Septemba 1731, baba akapata shamba katika bonde hili la Conestoga, na kuanzia mwaka uliofuata hadi 1735 Veltin alisoma katika shule ya kanisa hili hili, wakati lilipokuwa bado la magogo, ambako mwalimu alikuwa na desturi ya kumchorea mtoto mwenye bidii ndege wa rangi kwenye kipande cha karatasi, Veltin akapata ndege saba, mimi nikapata mmoja, naye hakumaliziwa mkia.

Kuhusu kazi, baba aligawa mali yake mwezi Aprili 1741, mimi mkubwa nikapewa shamba, Veltin akapewa farasi jike wawili na lile dume jeusi, Rapp, watu wakasema nimependelewa, nami nikaamini, mpaka watoto wa Rapp walipoanza kuzaliwa, vifua vipana, kwato kama sahani, wapole kupita kiasi. Marehemu hakuchagua farasi wa kuzalisha kwa urefu wala kwa rangi, alimfunga kwenye mzigo uliosimama akamwangalia anavyoanza, anayeruka kwa pupa alimuuza, anayeegemea kwanza taratibu kisha ndipo avute, huyo alimweka, na njia hiyo hakuibadili maisha yake yote. Maofisa wa Mfalme walipotafuta farasi wa kukokota magari ya unga wa jeshi walipita langoni kwangu bila hata kusimama, wakaenda kwake, ingawa farasi wangu walikuwa warefu zaidi, na hilo naomba likumbukwe.

Tarehe 17 Oktoba 1742 alifunga ndoa na Apollonia Stambach, ambaye mimi nilikuwa nimejisemea nitakwenda kwao mavuno yakiisha, Veltin hakusubiri mavuno, na mke wangu Margreth asinikazie macho, haya anayajua, Mungu alinipa fungu langu na silalamiki. Walijaliwa watoto watano, wote wazima, wote wako hapa.

Sasa siwezi kuyasoma maisha ya marehemu nikairuka Krismasi ya 1754, maana hata nikiiruka mtaisimulia wenyewe mkitoka nje. Kila Desemba, nguruwe wakishachinjwa, sisi wawili tulipeleka unga Philadelphia na kurudi na zawadi za nyumba zetu, na mwaka ule nilimfuata Veltin duka kwa duka nione ananunua nini, naye akamnunulia Apollonia kitambaa cha hariri cha kichwani, na watoto filimbi, kisu kidogo na mkate wa tangawizi, vyote vikaenea ndani ya kofia yake. Mimi nikamnunulia Margreth saa ya kabati, ndefu kuliko mimi, nikaongeza fuawe la chuma na mapipa mawili ya asali ya miwa, si kwamba tulivihitaji, nilitaka tu aone.

Tarehe 22 Desemba gari langu lilizama kwenye kivuko cha mto Brandywine, farasi wangu warefu wakaruka kila mmoja upande wake na kuukata mnyororo, basi Veltin akawaleta wake, wakaegemea, wakatulia kidogo, kisha wakavuta, nikatoka. Hakuna hapa asiyeijua sheria ya barabara, aliyekwama akakwamuliwa huvua njuga za farasi wake akampa aliyemkwamua, lakini nilidhani kwa kuwa ni damu yangu atanisamehe, naye akanikingia kofia yake mbele ya wasafiri wote, akasema, "Kaka, fungua mwenyewe, mimi vidole vimeganda, na ukimaliza nitazamie kwenye hiyo saa yako tumechelewa kiasi gani."

Mnajua watoto wetu hukaa barabarani mkesha wa Krismasi wakitega sikio, na njuga za baba yake kila mtoto anazijua, basi tulipofika, mimi mbele kimya, yeye nyuma na njuga zake na zangu, binti yangu Katharina, yule pale aliyempakata mwanawe, akapiga kelele, "Baba huyo!" akanipita nimesimama na hatamu mkononi, wadogo zake wakamfuata, wote wakamkimbilia baba yao mdogo, naye akawainua mmoja mmoja na kuwagawia mkate wa tangawizi. Nilikuwa na saa ndefu kuliko mimi, na hakuna aliyekuja kuipokea. Nilinunua njuga nyingine, nzuri zaidi, lakini kila Krismasi iliyofuata watoto walizikimbilia zile zile za zamani, kwenye farasi wa Veltin, na wivu niliouona siku ile sijapata kuutua.

Mwezi Februari mwaka huu, 1771, marehemu aliingia kwenye maji ya barafu kumtoa farasi jike aliyekuwa na mimba, akamtoa, akashikwa na kifua, daktari akaja mara kwa mara, na Jumapili tarehe 3 Machi, jua likichomoza, akafariki nyumbani kwake, akiwa ameagiza kwamba farasi wa kumleta hapa wasivuliwe njuga.

Yaliyotokea asubuhi hii mmeyaona, gari lenye jeneza lilizama pale chini ya mlima wa kanisa, farasi wake wakaegemea, wakavuta, tope likakataa, nami nikawafunga wangu mbele yao, ambao, kwa kuwa tuko kanisani niseme kweli, ni uzao wa Rapp, wakamtoa. Shemeji Apollonia akashuka topeni, akazifungua njuga kwa mikono yake, zile zangu, akaniambia, "Chukua, shemeji, sheria ni sheria, mwenyewe angecheka mpaka alie." Miaka yote hiyo nimeiombea siku ya kumkwamua Veltin, nimeipata, na wa kumringia hayupo.

Tunamshukuru daktari aliyekuja hata usiku wa theluji, majirani mliokesha naye, waliochimba kaburi kwenye ardhi ambayo chini ya tope bado imeganda, na waendesha magari wenzake wa barabara ya Philadelphia, mlioacha mizigo yenu njiani. Njuga hizi Krismasi ijayo zitalia kwangu, wajukuu watakimbilia barabarani, nami nitajua wanamtazamia nani. Lala kwa amani, Veltin, mdogo wangu, hata safari hii umenitangulia kufika.