Mama Mesi Malto, Mlinzi wa Kambi ya Watoto ya Tetarpahar (1961–2023)

Wasifu huu umeandaliwa na familia, na kusomwa makaburini na mpwa wake, Daud, tarehe 20 Februari 2023.

Mama Mesi Malto alizaliwa tarehe 9 Novemba 1961 katika kijiji cha Tetarpahar, juu ya vilima vya Rajmahal, nchini India. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Gandru na Mama Bedni, na wa kwanza kupona. Tarehe hiyo ni ya mwalimu aliyeiandika baadaye; mama yake alisema tu kwamba ulikuwa msimu wa kuvuna kunde, na kwamba siku ile hakumwambia jirani hata mmoja. Watoto wawili wa mwanzo walitangulia wakiwa wachanga, na Mama Bedni aliamini kuna jicho lililowafuata. Kwa hiyo Mesi alifichwa ndani mpaka alipoota meno. Mgeni akipita na kuuliza ni nani anayelia humo ndani, aliambiwa, "Mbuzi." Marehemu mwenyewe alipenda kuisimulia habari hii, na alikuwa akimalizia kwa kusema, "Wenzangu walinyonya maziwa. Mimi nilinyonya maziwa na shaka."

Mwaka 1970 alianza masomo katika shule ya misheni iliyoko bondeni, akiwa mtoto pekee wa vilimani miongoni mwa watoto wa kabila la Wasantali. Mzee Gandru hakuwa na raha na jambo hilo. Alikuwa amesikia, kama walivyosikia wote, kwamba watu wa bondeni huiba watoto wetu na kukata vichwa vyao ili madaraja ya reli yasimame imara. Kila siku ya gulio alishuka na mzigo wa kuni kichwani, akautua nje ya bweni na kumwita binti yake.

"Inua mikono."

Mesi aliinua mikono.

"Geuka. Vua kitambaa nikuone kichwa."

"Baba, wenzangu wanacheka."

"Waache wacheke. Wao baba zao wanajua mwalimu anakula nini? Haya, nionyeshe vidole."

Akisharidhika, alimpa mahindi ya kuchoma, akabeba kuni zake na kwenda zake. Hakuacha kufanya hivyo hadi Mesi alipomaliza darasa la saba mwaka 1978. Alibatizwa mwaka uliofuata, na baada ya mafunzo ya uinjilisti na malezi ya watoto huko Sahibganj, alifundisha madarasa ya chini bondeni kwa miaka mitano.

Mwezi Mei 1986, wakati wa joto kali na shule zimefungwa, marehemu alipanda na maturubai mawili, sufuria tatu na picha za Biblia za kubandika, akaanzisha kambi ya kwanza ya watoto kwenye uwanja wa kukaushia majani ya kusokotea kamba. Siku ya kwanza hakuja mtoto hata mmoja. Akina mama walikuwa wamewaficha watoto mashambani, ndani ya kunde. Neno lilikuwa limeshapita: Mesi kasomeshwa na watu wa bondeni, sasa amerudi kulipa kwa vichwa. Siku ya pili alikuja jumbe wa kijiji, Mzee Jabra, na wazee wenzake.

"Mesi, tumekujua tangu ulipokuwa mbuzi," alisema jumbe, na wazee wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Hawa watoto utawalisha nini?"

"Wali na dengu, mzee wangu."

"Bure?"

"Bure."

"Hapo ndipo tunapoogopa. Cha bure kina mwenyewe."

Marehemu hakukasirika. Alipakua kutoka kila sufuria, akala mbele yao mpaka akashiba, kisha akasema, "Leteni watoto, na ninyi wenyewe mje. Kaeni nyuma yao na mundu zenu. Mama anayetaka kumchukua mwanawe katikati ya wimbo, amchukue. Mama asiyenishuku hapa ndiye atakayenitia wasiwasi." Basi kambi ikaanza hivyo, watoto mbele wakiimba, mama zao nyuma wakiwa na mundu magotini. Walioimba siku ile wengi wao ni wajomba na shangazi waliosimama hapa leo.

Jumbe hakutosheka na mundu. Alimteua kijana mmoja, Bamna, aliyekuwa na shabaha kuliko wote, achukue upinde wake na kumchunga Mesi mchana kutwa, na amripoti akiona lolote. Bamna alimchunga kambi ya kwanza, akamchunga na ya pili. Alipoulizwa na jumbe ameona nini, alijibu, "Bado sijamaliza kuangalia, mzee." Tarehe 3 Machi 1988 walifunga ndoa, kwanza kwa mahari na ngoma za nyumbani, kisha kwa baraka za kanisa. Mungu aliwajalia wana wawili, Samueli na Yona. Baba Bamna alikuwa akiwatania wageni kwamba ile kazi aliyopewa na jumbe haijawahi kufutwa, ndiyo maana hajaondoka.

Familia imeona ni vema kulisema wazi jambo la mwaka 1999, kwa sababu limesemwa sana pembeni. Mwaka huo kambi ilipata mgeni kutoka mjini, mwanaume mpole aliyejiita Ndugu Natanaeli. Alijua kupiga kinanda. Aliwaletea watoto ndala na peremende, na kabla ya jua la pili kuzama kila mtoto alikuwa anataka kuketi karibu naye. Siku ya nne alitangaza habari njema: kuna shule ya bweni mjini, ya Kikristo, iliyo tayari kuwapokea wasichana wa vilimani, na gari lingekuja Jumamosi. Mchungaji wetu wa wakati huo alitoa machozi ya furaha. Akina mama walishangilia. Mesi peke yake aliendelea kuchambua dengu, kisha akamwita mgeni jikoni.

"Ndugu yangu, umewauliza hawa wasichana nani kafiwa na baba."

"Ndiyo, dada. Yatima kwanza. Ndivyo Maandiko yasemavyo."

"Vizuri. Mbona hukumuuliza hata mmoja amefika darasa la ngapi?"

Mgeni alicheka. "Dada Mesi, huniamini?"

"Ninayemwamini ni Mungu. Wewe nakuuliza. Shule gani hiyo isiyotaka kujua mtoto anasoma au hasomi?"

"Watapimwa wakifika."

"Basi mimi na mume wangu tutapanda gari hilo hilo, tuione shule, tuwaachie watoto hapo mlangoni."

"Gari limejaa, dada."

"Gari la Jumamosi limejaa leo Alhamisi?"

Jioni hiyo hiyo marehemu aliivunja kambi. Alipita nyumba kwa nyumba na kumkabidhi kila mtoto mkononi mwa mzazi wake. Hakuwa na ushahidi wowote, na alipoulizwa alisema hana. Mchungaji alimwambia mbele ya watu, "Umetufukuzia baraka, Mesi. Shetani amekuvalisha miwani yake." Baraza la kanisa lilimvua uongozi. Mgeni aliondoka akiwa na uso wa huzuni, akampa kila mtoto mkono, na wapo waliolia.

Lakini hakwenda mbali. Alivuka bonde, akaenda Kunjpahar, ambako hawakuwa na kambi wala mtu wa kuuliza maswali. Jumamosi gari lilikuja likachukua wasichana wanne.

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa migumu kwa marehemu. Kila mtoto wa Tetarpahar alipoonekana miguu mitupu, mama yake alisema kwa sauti ili Mesi asikie, "Wa Kunjpahar sasa hivi wanavaa viatu na soksi." Mwanamke mmoja alimwambia kisimani, "Roho yako nyeusi kama chungu. Umemnyima binti yangu dunia." Marehemu alijaza mtungi wake akaenda. Nyumbani alimwambia mumewe, "Huenda wana haki. Huenda nimemshuku mtu wa Mungu." Baba Bamna amesimulia kwamba alimwona akiomba nikosee, nikosee, Bwana nijalie niwe nimekosea.

Mwezi Agosti 2002, mmoja wa wale wanne alishuka garimoshi Barharwa na kupanda vilima kwa miguu. Jina lake ni Pairi. Aliondoka akiwa na miaka kumi na mmoja. Shule hakuiona hata kwa nje. Alifungiwa katika nyumba ya watu akipika na kufua, mpaka alipopata mlango uliosahauliwa wazi. Wenzake watatu walishushwa mahali pengine njiani na hakuwaona tena. Bibi yake aliyemlea alikuwa ameshafariki, na ndugu zake waliogopa kumpokea. Walisema hatujui amerudi na nini, huenda si yeye. Wengine walisema mtoto mwenyewe ndiye aliyekimbia shule.

Siku habari ilipofika Tetarpahar, wale waliomtukana marehemu walikuja kwake na mahindi na kuku. "Ulikuwa sahihi, dada," walimwambia. "Utusamehe."

Aliwaangalia, akasema, "Nilikuwa sahihi hapa tu. Kuvuka bonde ni mwendo wa asubuhi moja. Niliketi nikaona nimemaliza, kwa kuwa wangu wamelala ndani." Kisha akachukua shuka, akavuka bonde kumfuata Pairi. Alimkuta ameketi nje ya zizi. Hakumuuliza lolote. Alimfunika shuka, akamwambia, "Mwanangu, kuna chumba. Mlango wake unafungwa kwa ndani, na ufunguo utakaa nao wewe." Pairi aliishi katika chumba hicho mpaka alipoolewa, na hadi leo, akija nyumbani, ufunguo ni wake.

Kambi ilifunguliwa tena Mei 2003, na tangu hapo haikuwa ya Tetarpahar peke yake. Marehemu aliizungusha kutoka kilima hadi kilima, akianza na Kunjpahar. Aliwafundisha watoto nyimbo na habari za Yesu mchungaji mwema, na aliwafundisha pia kuuliza: unatoka wapi, nani anakujua, mbona unanipa mimi peke yangu? Wageni waliotoka makao makuu ya kanisa walihojiwa na watoto wa miaka saba mpaka wakatokwa na jasho. Mwaka 2011 kundi moja lilileta dawa za meno. Marehemu hakuwa amewahi kuiona ile ya rangi tatu, akafungua mrija mmoja na kuimeza nusu yake, aone kama inadhuru. Alishinda siku nzima akitoa povu na kucheua harufu ya peremende. Watoto walimwuliza, "Bibi, ni salama?" Akajibu, "Kwa meno ni salama. Tumbo ndilo linalalamika."

Mwaka jana mwezi Juni, baada ya kambi yake ya mwisho, alianza kukonda na kuumwa chini ya mbavu. Alipelekwa hospitali ya misheni bondeni, kisha mjini, ambako madaktari walikuta uvimbe kwenye ini uliokwisha kuenea. Aliomba arudishwe nyumbani. Baba Bamna na wanawe walimpandisha kwa machela tarehe 12 Desemba.

Ugonjwa ulipozidi, yalianza maneno. Tumbo lililovimba lilitafutiwa mchawi. Likatajwa jina la Mama Dubi, mjane anayeishi peke yake mwisho wa kijiji, ambaye alimletea mgonjwa mboga mara kwa mara. Mwezi wa Januari vijana fulani walimwaga maji yake na kumwambia atahama kabla marehemu hajazikwa, au atazikwa naye. Mama Mesi alipopata habari, alitaka aletwe jumbe wa sasa na wanaume wa ukoo. Wakajaa chumbani. Alisaidiwa kuketi.

"Nani kasema Dubi kaniloga?"

Waliokuwa mbele walirudi nyuma hatua moja.

"Nasema nani? Atoke mwenye mdomo huo."

Kaka wa mumewe akasema, "Shemeji, watu wanasema tu. Hata wewe mwenyewe umetufundisha kushuku."

"Nimewafundisha, ndiyo." Alipumzika kidogo, maana pumzi ilikuwa haba. "Nilimshuku mwenye gari. Nilimshuku mwenye peremende, aliyesifiwa na wachungaji, ambaye angeweza kuondoka na watoto na asiulizwe na mtu. Dubi anaweza nini? Ana nani? Mnamshuku kwa kuwa hana wa kumtetea. Huko si kushuku, ni woga uliotafuta mnyonge." Akamgeukia jumbe. "Nikifa, Dubi ndiye atakayeniosha. Wewe utasimama mlangoni mpaka amalize. Sema ndiyo, nikusikie."

Jumbe alisema ndiyo.

Mama Mesi alituacha Jumamosi tarehe 18 Februari 2023, alfajiri, mkono wake ukiwa mikononi mwa mumewe. Jana Mama Dubi alimwosha na kumvika, na jumbe alisimama mlangoni. Leo Mama Dubi amewekewa kiti mstari wa mbele pamoja na wafiwa. Familia inaomba kila aliyekuja hapa ampe mkono wa pole kabla ya kuondoka, na inawatazama watakaompita.

Marehemu ameacha mume, Baba Bamna; binti, Pairi, na mumewe; wana wawili, Samueli na Yona; wakwe wawili na wajukuu sita. Ameacha pia watoto wengine watatu, ambao aliwataja kila asubuhi katika sala na kuagiza wasikose katika wasifu huu: Surmi, Chandni na Jalo wa Kunjpahar, waliopanda gari mwaka 1999 na hawajarudi. Yeyote mwenye habari zao, mlango wa Baba Bamna hauna saa.

Bwana aliyempa macho ya kukesha sasa ampe usingizi. Udongo wa Tetarpahar usimlemee. Amina.