Papa Abdias, Mwenye Kutembea Nyuma ya Kamyo

Baada ya miaka ishirini na saba katika kampuni yetu ya ujenzi wa barabara, Papa Abdias Mwanza anastaafu tarehe 30 Juni 1999. Kuanzia siku hiyo kamyo zetu zitarudi nyuma bila yeye, na sisi tutazidisha sala.

Alianza kama dereva wa kamyo ya mchanga. Mwaka 1991, kwenye barabara ya Kabongo, alishuka kumwelekeza mwenzake, naye mwenzake akarudi nyuma huku akitazama mbele. Gurudumu likamponda vidole viwili vya mguu wa kushoto. Hospitalini, mkewe Mama Agar alilia mpaka akabembelezwa na wagonjwa. Abdias yeye aliuliza kama kiatu kinaweza kushonwa, maana kilikuwa kipya.

Alipopona aliukataa usukani, akaomba filimbi. Tangu hapo hakuna kamyo iliyorudi nyuma kabla yeye hajainama, akatazama chini yake na kupuliza. Madereva walinung'unika. Mmoja wao, Séraphin, alidai kwamba hata nyumbani kwake, akitaka kusogeza kiti nyuma, husikiliza kwanza kama filimbi imelia. Lakini zamani kila kiangazi tulibeba majeruhi; siku hizi machela yetu hukaushiwa mihogo.

Mwaka jana vita vilipozuka, askari walikuja kuchukua kamyo yetu kubwa. Walingoja mafuta yake ya mazutu asubuhi nzima, jua likiwaka. Mazutu yalipofika, kamanda wao akashika usukani mwenyewe na kuwasha injini. Abdias akainama nyuma ya kamyo, kama kawaida yake, kisha akapuliza filimbi kwa nguvu zote, ishara ya kusimama, na kukataa kuondoka. Kamanda akatoa bastola dirishani. Sisi wengine tulikuwa tumeshalala kifudifudi, na mkurugenzi alikuwa wa kwanza.

Abdias akasema polepole, "Chefu, kamyo haiyue cheo. Ukirudia nyuma sasa, utaua muntu yako."

Kamanda akashuka, nadhani ili ampige. Akachungulia. Kati ya magurudumu ya nyuma, kivulini, mlinzi wake mwenyewe alikuwa akikoroma, mdomo wazi. Kamanda akairudisha bastola kiunoni, akamwamsha mlinzi kwa teke, kisha akamwomba Abdias, kwa adabu, apulize filimbi.

Kamyo hiyo hatukuiona tena. Mlinzi ndiye aliyerudi, wiki iliyofuata, na jogoo mkononi. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Abdias. Alimkabidhi Mama Agar jogoo, akalia, akaondoka.

Papa Abdias, wengi wetu tunatembea kwa miguu miwili kwa sababu yako. Aksanti sana. Mungu akujalie uzee mtamu, shamba lenye rutuba, na usingizi mrefu popote utakapopata kivuli.