Mwalimu Salvina na Ngoma ya Maneno

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha Kiingereza, Mwalimu Salvina Nkwabi anastaafu rasmi tarehe 31 Julai mwaka huu. Sisi walimu wenzake hapa Ngokolo tuna furaha isiyofichika, na mbuzi wa sherehe ameshapatikana.

Alianza kazi Buseresere, akahamia kwetu, na hakuhama tena. Alikuwa amechoka kuona wanafunzi wakikariri kanuni bila kuzielewa, akabuni mchezo. Kila mwanafunzi hushika kadi yenye neno moja, darasa hugawanywa makundi mawili, Wagika na Wagalu, kama kwenye mashindano yetu ya ngoma za Kisukuma, na kila upande hupanga sentensi kwa kusimama mstari uwanjani. "Very" ana adabu, hukaa nyuma ya "a". "Quite" hana subira, hutangulia mbele yake.

Mchezo huo nusura umponze. Martina wa kidato cha pili alirudi nyumbani akijisifu kwamba Wagalu wamewabwaga Wagika shuleni. Baba yake, Mzee Bujiku, mwenyekiti wa bodi, alijua mashindano ya ngoma huendana na dawa za kienyeji za kuvuta watazamaji, akadhani watoto wanafundishwa ushirikina. Akaja na wazazi wenzake kutaka mwalimu aondolewe, na mkuu wa shule akasema jambo hilo liamuliwe siku hiyohiyo.

Mwalimu Salvina hakujitetea. Aliwaamkia wazee, akawapeleka uwanjani na kuwagawia kadi: kina baba upande mmoja, kina mama upande wa pili, kila upande na mwanafunzi wa kuwaongoza. Pande zote zilipanga "a very good farmer" bila shida. Kisha kadi ya "very", iliyoshikwa na mwanafunzi wa kila upande, ikabadilishwa kuwa "quite". Kwa kina mama, mwanafunzi alitangulia mbele ya "a" mara moja, ikawa "quite a good farmer". Kwa kina baba, kiongozi wao Martina alipotaka kupita, baba yake, mwenye kadi ya "a", alimshika mkono na kumrudisha nyuma, kwa kuwa mtoto hapiti mbele ya wakubwa. Kina baba wakashindwa, na vigelegele vikasikika mpaka barabarani.

Mzee Bujiku aliuachia mkono wa bintiye, akasema, "Hapa hakuna dawa. Kosa ni langu, mtoto alijua njia. Tangulia, mwanangu, turudie."

Walirudia mpaka chai ya kikao ikapoa. Hoja ya kumwondoa mwalimu hakuna aliyeikumbuka, na mwaka uliofuata wazazi walidai siku yao maalumu ya mchezo. Wanaipata hadi leo, na kina mama bado wanaongoza kwa ushindi, jambo ambalo halisemwi mbele ya mwenyekiti.

Mwalimu Salvina, wabeja sana, yaani asante sana. Tumekupenda, na tunasema wazi. Nenda nyumbani kwako Ushirombo kwa amani, ukalime, ukasali, ukacheze na wajukuu, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya. Siku ile walikuja kukutoa hapa. Leo wazee walewale wamefika alfajiri kuuliza kama serikali haiwezi kukuongezea muda.